Gari Lisilo na Sauti

Kila dereva wa Bujumbura alijua: hatua ishirini kabla ya kizuizi unazima injini, askari wanasikia imezima, ndipo wanakuita uwashe tena usogee. Huseni, fundi magari wa Buyenzi, alifanya hivyohivyo asubuhi ile, kwa mazoea. Alisahau kwamba gari lake halikuwa na mlio wowote wa kuzima.

“Zima moteri!” askari alipaza sauti.

“Imeshazimwa, chef,” Huseni alijibu kwa heshima.

“Mi sikusikia.”

“Ni ya batri, chef. Haina kelele.”

Askari alilizunguka lile Peugeot kuukuu mara mbili. “Iwashe tusikie. Kisha uizime.”

Huseni aliwasha. Kimya. Alipogusa pedali gari likasogea kidogo, na askari watatu wakakoki bunduki. Mkojo ukamtoka. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mwenye wajukuu.

“We muzee, mutu mwenye kutengeneza gari yenye haina sauti anataka kufika wapi bila watu kumusikia?”

Huseni alitoa barua ya mwaliko. Saa nne wakubwa wa serikali waliokuwa wakijadili umeme na gari la taifa, huko mtaa wa Rohero, wangetoka nje kulitazama gari lake. Mkurugenzi wao, Sébastien, alimwahidi kwa kinywa chake: likifika, anasaini kibali cha barabarani siku hiyohiyo. Kibali hicho ndicho kilikuwa ugali wa nyumba yake. Tangu nchi jirani zifunge mipaka kwa ambargo, vikwazo vya biashara, petroli iliuzwa kwa chupa, magari yakalala. Gari lisilotembea haliharibiki, na lisipoharibika fundi atakula nini? Kwa miezi minane aliunganisha mota ya mashine ya bandarini na betri sita, na mkewe Khadidja aliuza vitenge vyake vyote ili betri zipatikane. Akipata kibali, angebeba mihogo kutoka Kanyosha hadi sokoni.

Askari alimrudishia barua bila kuisoma.

“Toa hizo batri. Zitachunguzwa.”

“Zote? Sasa mi nitafika aje, chef?”

“Gari si iko na matairi?”

Mwenye nguvu mpishe, na mwenye bunduki zaidi. Huseni alizifungua betri moja baada ya nyingine, akazipanga chini ya mti walipoonyesha, kisha akaanza kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani. Barabara ya Rohero inapanda. Hakuwahi kujua kwamba inapanda kiasi kile.

Alifika saa tano na nusu, na bahati yake, wakubwa walikuwa bado ndani. Jenereta ya petroli ilinguruma uani ikiwapa umeme wa kujadili umeme. Kupitia madirishani alimsikia mmoja akitaka kiwanda kijengwe mkoani kwao, mwingine akiuliza gari la taifa liwe na milango miwili au minne. Walibishana juu ya milango kwa muda mrefu. Huseni alisimama juani, akatamani kulia, akaona haya.

Walitoka adhuhuri, Sébastien akiwa mbele.

“Voilà! Iwashe basi, muzee.”

Huseni alieleza. Sébastien alitazama saa yake.

“Sasa kibali natoa kwa gari gani? Mi siwezi kusaini gari yenye haitembei. Loi ni loi, sheria ni sheria.”

“Bwana directeur, muniandikie tu karatasi, wanirudishie batri zangu. Mi naomba.”

“Mambo ya usalama haiko mu bureau yangu.” Tayari alikuwa amefungua mlango na kuketi, akashika usukani, akanyoosha tai. “Lakini photo lazima itoke, watu wa gazeti wanangoja. Pita nyuma, muzee. Sukuma polepole, ionekane inajitembeza yenyewe.”

Huseni alipita nyuma. Akaweka bega kwenye buti, akasukuma. Gari lilijongea kimya, na wajumbe wakapiga makofi. Mmoja alisema kwa sauti kwamba nchi imepiga hatua.

Mpiga picha alishusha kamera.

“Apana. Kichwa cha muzee kinaonekana.”

“Muzee, kichwa!” Sébastien aliita bila kugeuka.

Huseni alipiga magoti kwenye lami ya moto, akasukuma tena.