Maonyo Ndani ya Pipa

Simu ya mkuu wa ofisi ya bwawa ilitetemeka mezani, ikajisogeza hadi ukingoni, ikatumbukia kwenye kikombe cha chai. Mkuu akaiopoa, akaifuta kwa tai, akasoma ujumbe uleule uliomchosha macho tangu asubuhi: "Onyo: amri ya egrep imepitwa na wakati. Tumia grep -E."

"Fundi!" akaita. "Huyu egrep ni nani, na ana shida gani na mimi?"

Fundi wa kompyuta, mwanamke mpole mwenye kucha zilizotafunwa, akamweleza. Ilikuwepo skripti, yaani amri zilizopangwa zijiendeshe zenyewe, iliyopima kina cha maji bwawani kutwa kucha. Maji yakifika alama nyekundu, ilipaswa kumtumia mkuu onyo, naye awashe king'ora ili watu wa bondeni wakimbie. Ndani yake kulikuwa na amri moja ya kizamani. Tangu kompyuta ziboreshwe, amri hiyo iliendelea kufanya kazi vizuri tu, ila kila ikiitwa ililalamika kwanza kwamba imezeeka.

"Si uibadilishe?"

"Ni neno moja tu, bosi," akasema fundi, akatafuna ukucha.

Wote wawili waliijua desturi ya ofisi: anayeigusa skripti ndiye mwenyewe. Aliyeiandika, mzee mmoja waliyemwita Miwani, hakuonja likizo tena. Ilipokohoa tu aliitwa yeye, hata siku anamzika mkewe. Alipostaafu aliondoka bila kuaga, na tangu hapo nani amfunge paka kengele?

Kwa hiyo fundi akazungukia kando. Hakuigusa skripti. Pale inapoamshwa tu, aliongeza mkia wa amri unaotupa maneno yake yote kwenye shimo ambalo kila kompyuta inalo, lisilorudisha kitu.

"Na onyo la maji litatupwa pia," akasema.

"Maji hayajawahi kufika huko tangu niajiriwe," akasema mkuu, akaagiza chai nyingine.

Haya, kinachotupwa lazima kiangukie mahali. Maonyo yaliangukia bondeni, chini ya bwawa, kwenye pipa la maji jikoni kwa shangazi yake fundi. Siku hizo shangazi alikuwa akifungasha kidogo kidogo. Binti yake wa pekee alikuwa mbali na alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na shangazi alikuwa amemwapia kwamba atakuwepo. Pipa likasema, kwa sauti ya mzee mwenye mafua, "Onyo: amri ya egrep imepitwa na wakati."

"Pole, baba," akajibu shangazi, akaendelea kukunja nguo.

Siku zilivyopita akamzoea, akambatiza Bwana Egrepu. "Na wewe nawe!" alimwambia akiosha vyombo. "Nani asiyezeeka? Fanya kazi yako, utuache tupumue." Majirani waliokuja kuazima chumvi walilisalimia pipa kabla ya kuketi.

Ikabaki siku moja safari ifike. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na shangazi alikuwa anasonga ugali wa mchana pipa lilipotoa lalamiko lake la kawaida. Halafu, kwa mafua yaleyale, likaongeza: "Maji yamefika alama nyekundu."

Shangazi aliacha sufuria motoni, akatoka mbio akipiga sinia kwa mwiko, mlango hadi mlango, akipiga na yowe juu. Watu wakapanda kilimani na watoto wao mgongoni. Maji yakaja yakabeba kuku, vyoo na ukuta wa shule. Mtu hayakumpata hata mmoja. Yalipopungua, pipa lilikutwa palepale kwenye matope, likikohoa.

Mkuu aliposikia habari za pipa alikuja na buti mpya, fundi nyuma yake. Wakainama wakasikiliza.

"Kumbe mfumo unafanya kazi," akasema mkuu. "Hongera sana, mama."

"Mimi nasafiri," akasema shangazi. "Binti yangu anajifungua."

Walijaribu kulihamishia pipa kwa jirani. Huko lilikuwa pipa tu, kimya. Liliporudishwa kwa shangazi likaendelea palepale lilipokatizwa.

"Sasa ukiondoka, mama, nani atasikia?" akauliza mkuu kwa upole.

Majirani wote wakageuka kumtazama shangazi, na watoto wao pia. Fundi alitazama kucha zake. Neno moja tu la kubadilisha, na mkia wa kukata. Aliona aibu, aibu ya kweli, lakini alimkumbuka Miwani kando ya kaburi, simu sikioni, na hofu ikamshinda.

Wiki iliyofuata alimletea shangazi kiti kizuri chenye mto, cha kukalia karibu na pipa. Shangazi alikijaribu, akasema kinamfaa mgongo, akamwombea Mungu ambariki.

Alikuwa amekikalia binti alipopiga simu. "Mama, wa kike! Uko wapi lakini?"

"Niko jikoni, mwanangu. Hebu msogeze nimsikie."

Kichanga kilikuwa kinalia, lakini Bwana Egrepu naye alikuwa ameshaanza. Shangazi akalifunika pipa ili amsikie mjukuu wake vizuri. Kisha akaogopa, akafunua.