Tangi la Ndila, Paa la Nzioka

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya pili ya Novemba, matone ya kwanza yaligonga paa la mahakama mjini Voi. Ndila alisimama kabla kesi yake haijaitwa. Karani akamwambia akae. Alikaa, kisha akasimama tena.

Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe wa jirani yake Rita, aliyebaki nyumbani chini ya kilima cha Sagalla: "Wingu liko kileleni. Huku bado."

Mwezi Juni, Ndila na mdogo wake Nzioka waligawana boma la marehemu baba yao mbele ya mpatanishi. Walitia sahihi mkataba wa maelewano, na mahakama ikaufanya kuwa amri yake. Nzioka alipata nyumba ya mabati "na vyote vilivyofungwa juu yake". Ndila alipata nyumba ndogo ya nyasi na tangi la lita elfu kumi lililosimama ubavuni mwa nyumba ya mabati. Paa la nyasi halikingi maji. Oktoba, Nzioka aling'oa gata, mfereji wa bati wa ukingoni mwa paa uliomwaga maji kwenye tangi, akaifunga upya ielekee kwenye mapipa yake. Mvua za vuli zikipita bila tangi kujaa, Ndila angelazimika kuuza ng'ombe wake wawili. Hakuwa na maji mengine ya kuwanywesha.

"Mheshimiwa, tangi ni la dada yangu," alisema Nzioka. "Sijaligusa hata kwa kidole. Lakini gata imefungwa kwenye nyumba yangu. Alipewa tangi, sasa anataka na mawingu?"

Watu wawili kwenye benchi la nyuma walicheka.

"Cheka na wewe, Nzioka," alisema Ndila. "Na mbuzi wako, kabla ya Oktoba alikuwa akinywa maji ya tangi la nani?"

"Mama Ndila, ongea na mahakama," alisema Hakimu Wakesho. Alifungua mkataba. "Mkataba unasema chochote kuhusu gata?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ilikuwa pale. Nani huandika kwamba mlango una bawaba?"

"Mahakama haiwaandikii watu mkataba mpya. Nikiongeza neno ambalo hamkulikubali, nimewaonea."

Nje mvua ilikaza. Ndila alitazama dirisha, kisha simu. Rita: "Imeanza."

"Basi isome yote, Mheshimiwa," alisema. "Usiishie hapo kwa nyumba."

Hakimu alisoma hadi ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma ukurasa mmoja.

"Ibara ya saba. 'Maji yatakayofurika kutoka kwenye tangi yataelekezwa kwenye mipapai ya Nzioka.' Nani aliomba hii?"

"Mimi," alisema Nzioka.

"Ulitarajia tangi lifurike kwa maji yapi?"

"Ya... ya mvua."

"Tangi lina mfuniko. Mvua ingeingiaje?"

Nzioka alimtazama karani. Karani aliendelea kuandika.

Uamuzi ulitolewa saa tano kasorobo. Mkataba husomwa mzima, alisema hakimu, na kwa hali ambayo pande zote mbili ziliijua siku ya kutia sahihi. Tafsiri inayoifanya ibara ya saba kuwa bure haiwezi kuwa ndiyo waliyokubaliana. Gata ni mali ya Nzioka, lakini itarudi ilipokuwa, ikimwaga kwenye tangi, kabla ya saa kumi na mbili jioni.

"Mheshimiwa, mabati yanateleza," alisema Nzioka.

"Hadi jioni una saa saba."

Walipanda bodaboda mbili tofauti. Barabarani mvua ilipungua, ikakata, ikarudi. Mara mbili Ndila alimwambia dereva aongeze mwendo. Mara zote mbili dereva alimwonyesha tope.

Saa saba na nusu Nzioka aliifungua gata kutoka upande wa mapipa. Misumari miwili ilikuwa imepinda. Aliinyoosha kwa jiwe.

"Harakisha, baba," alisema Ndila.

"Hiyo ngazi haina mguu mmoja, dada. Nani ataishika?"

Saa nane na dakika tano Nzioka alipanda. Ndila aliishika ngazi.