Arobaini, Zote Mpya

Jumatatu ya kwanza ya muhula, saa mbili na robo asubuhi, fundi wa kompyuta wa ofisi ya elimu alisaini kitabu cha wageni cha shule ya sekondari, akaandika "ukaguzi" kwenye nafasi ya sababu, kisha akakaa kwenye benchi kusubiri funguo. Chumba cha kompyuta kilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikuwa nao mkuu wa shule, wa pili mtunza stoo, na wawili hao walikuwa hawasalimiani tangu mwaka juzi. Kwa hiyo alisubiri sana.

Watu walimwita Mama Bisibisi, naye hakujali. Alikuwa na miaka kumi na moja kazini, na maoni yake aliyatoa popote alipopata sikio la mtu: kwenye foleni ya benki, kwenye harusi, hata msibani wakati wa chai. Alisema mashine isiyoguswa inaoza vibaya kuliko iliyovunjwa. Alisema mtoto ambaye hajawahi kuharibu kitu hatakuja kutengeneza kitu, na kwamba yeye mwenyewe ufundi aliuanza kwa kuifungua redio ya baba yake na kushindwa kuifunga. Alisema watu wanaonunua kompyuta ili zipigwe picha wangenunua picha tu, yakaisha. Waliomsikiliza walicheka, wakamwambia punguza ukali, Mama Bisibisi, utapata presha.

Kompyuta za shule hiyo zilikuwa arobaini. Zilifika miaka minne nyuma, mgeni rasmi akakata utepe, akapigwa picha akiwa ameshika kipanya, akaondoka. Tangu siku hiyo hazikuwashwa. Soketi zilikuwepo ukutani na umeme ulikuwepo, lakini waya za mashine zilikuwa bado zimekunjwa ndani ya mifuko ya nailoni. Kila mashine ilifunikwa kitambaa cha maua kilichoshonwa na wasichana wa somo la ushonaji. Kazi ya Mama Bisibisi kila muhula ilikuwa kufunua vitambaa, kuhesabu, na kuandika kwenye fomu: arobaini, zote mpya.

Chumba cha pili yake, wanafunzi arobaini wa darasa la mwisho walikuwa kwenye somo la kompyuta. Mwalimu wao alikuwa amemchorea kila mmoja kibodi kwenye karatasi ya manila, herufi zote mahali pake. Alisoma sentensi, nao wakaigonga kwenye karatasi kwa vidole. Kwenye dawati la kumi na saba alikaa binti wa marehemu kaka yake Mama Bisibisi, ambaye Mama Bisibisi alimlea tangu hajaota meno ya mbele. Binti huyo alitaka kitu kimoja tu: nafasi kwenye chuo cha ufundi, asomee kazi ya shangazi yake. Chuo kilitaka awe amefaulu mtihani wa kompyuta wa vitendo, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki sita.

Funguo zilipopatikana, Mama Bisibisi aliingia na kufunua mashine ya kwanza. Ilikuwa inawaka. Waya wake ulikuwa kwenye mfuko, fundo halijafunguliwa. Kwenye kioo herufi zilikuwa zikijipanga moja moja, nazo zilikuwa sentensi ile ile ambayo mwalimu alikuwa akiisoma upande wa pili wa ukuta. Akafunua ya pili, kisha zote. Zilikuwa zikiandika arobaini, kila moja kwa mwendo wa mwanafunzi wake. Ya ishirini na sita ilikuwa ya mvivu na ilikuwa imesimama. Ya kumi na saba ilikuwa imeshamaliza sentensi, na chini yake palikuwa na maneno mengine: Nimemaliza. Sijui kama nimekosea. Karatasi haisemi.

Mtunza stoo alisema hali hiyo ilianza muhula uliopita, wiki ya pili. Hakuripoti kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mkuu wa shule aliinama akatazama kioo kimoja, halafu akauliza kama kuandika kwa namna hiyo kunazichakaza. Mama Bisibisi akasema hakuchakazi. Mkuu akamshukuru Mungu.

Jumamosi Mama Bisibisi alimchukua binti hadi ofisini kwake afanye mazoezi. Zamani alizoea kumleta hivyo, na alikuwa akiandika vizuri. Safari hii binti alibonyeza vitufe kwa nguvu, saa nzima, akiandika barua ya mazoezi, na kioo kilibaki cheupe. Jumatatu barua yote aliyoiandika ilikutwa shuleni, kwenye mashine ya kumi na saba. Mambo yakawa wazi. Maneno ya watoto wale yalikuwa na kwao sasa, na yasingeenda kwingine. Mtihani ulikuwa ukifanywa kwenye kompyuta mpakato anazokuja nazo mtahini. Wakifanyia kwenye hizo, wote wangepata sifuri. Wakifanyia kwenye chumba chenye kufuli mbili, wangefaulu.

Alikwenda kwa mkuu wa shule.

"Mwalimu, wafungulie siku hiyo moja tu. Wakae mbele ya mashine zao, mtahini aone."

"Zikiharibika nani atajibu?"

"Nitajibu mimi."

"Wewe kama nani?" mkuu aliuliza, na hakuwa na ubaya. Alitaka kujua cheo cha kuandika kwenye barua. Cheo chenyewe hakikutosha, kwa hiyo akamwelekeza kwa afisa wa elimu.

Afisa alimsikiliza hadi mwisho, akafungua faili. Shule ile ilikuwa shule ya mfano, na ilikuwa ya mfano kwa sababu ilikuwa na kompyuta arobaini mpya. Zikiguswa zingekuwa zilizotumika, na fomu ya zilizotumika ilikuwa haijawahi kuchapishwa. Kuhusu kuandika bila kugusa, aliuliza wanafunzi wanatumia nini. Aliambiwa karatasi za manila. Akafikiri, kisha akaandika barua kwamba karatasi hizo kwa maana hiyo ni vifaa vya kompyuta, zipewe namba, ziorodheshwe na zifungiwe kwenye chumba cha kompyuta. Ofisi iliyokaa mwaka mzima na ombi la katoni ya chaki ilitekeleza barua hiyo kwa siku mbili. Mama Bisibisi ndiye aliyepewa kazi ya kubandika namba. Alibandika arobaini, na ya kumi na saba aliibandika upande upande kwa makusudi, akaambiwa airudie.

Watoto wakaendelea kugonga kwenye mbao tupu za madawati. Herufi walishazijua zilipo. Mashine ziliendelea kuandika.

Siku ya mtihani mtahini alifika mapema, mama mtaratibu mwenye miwani ya kamba, akapanga kompyuta mpakato kumi darasani. Watoto waliingia kumi kumi. Waliandika barua ya kuomba kazi, wakachora jedwali, wakapanga majina kwa herufi, na vioo vikabaki vitupu. Mtahini alikagua betri, akakuta zimejaa. Mama Bisibisi, aliyekuwa amekaa mlangoni kama fundi wa zamu, alimweleza. Mtahini akasema basi akaone. Funguo zikaletwa, wa kwanza na wa pili, kwa mikono isiyogusana.

Mtahini alifunua mashine ya kumi na saba akasoma yote, bila haraka. Barua ilikuwa na tarehe mahali pake na sahihi mahali pake. Jedwali lilikuwa limenyooka.

"Kazi safi," akasema. "Huyu ningempa tisini na sita."

"Mpe basi."

Mtahini akamwonyesha karatasi yenye namba za mashine za mtihani. Zilikuwa kumi, na hii haikuwemo. Alikirudisha kitambaa cha maua, akakinyoosha pembe zote nne, akatoka. Alijaza sifuri arobaini kwa mwandiko mzuri.

Mama Bisibisi alitukana. Alitukana kwa sauti, tusi zima zima, mbele ya mkuu, mtahini na watoto, na wiki iliyofuata alipata barua ya onyo ambayo tusi lile lilikuwa limenukuliwa bila kosa hata moja. Binti hakulia. Alitaka kujua alipungukiwa wapi zile alama nne, na hakuna aliyeweza kumjibu kwa sababu mlango ulishafungwa.

Matokeo yalipotoka, afisa aliandika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi shule. Chini yake aliongeza kwamba tatizo jingine ni uhaba wa vifaa, akaomba kompyuta nyingine arobaini. Zikaagizwa. Chuo cha ufundi kilirudisha maombi ya binti kwenye bahasha ile ile aliyoyapelekea, jina lake likiwa limekatwa kwa mstari mmoja. Mkuu wa shule, ambaye hakuwa na roho mbaya, alimpa kazi.

Muhula ulipoanza, Mama Bisibisi alisaini kitabu cha wageni, akasubiri, akafunguliwa. Ndani alimkuta binti wa kaka yake amevaa koti la bluu la wafanyakazi, ameshika kitambaa kikavu. Kazi yake ilikuwa kupangusa vumbi kila siku, bila kugusa vitufe. Chumba cha pili darasa jipya lilikuwa kwenye somo, na mashine zilikuwa zikiandika, zote arobaini. Ya kumi na saba ilikuwa ya mtoto mwingine sasa, anayekosea sana. Mama Bisibisi alivaa miwani, akainama.

"Usisome, shangazi," binti alimwambia. "Wamekataza kusoma. Ni kuhesabu tu."

Mama Bisibisi akasema kumi na saba. Binti akashusha kitambaa juu ya kioo, wakaenda kwenye ya kumi na nane.