Kona ya Mwisho Kabla ya Mbale

Gari la Mutwalibu lilikuwa la mbio, jekundu, la milango miwili, na lilikuwa limekwisha kuzeeka hata kabla ya vita vya mwaka wa sabini na tisa. Katika vita hivyo aliwatanguliza mkewe Nulu na watoto kwa lori hadi kwa ndugu zake mtaa wa Malukhu, Mbale, kisha akawafuata na gari lake kutoka Jinja. Kwenye kona ya mwisho kabla ya mji, gari likaacha barabara. Mutwalibu akafa.

Ojok, askari wa magereza aliyemtoa ndani ya gari, alilihifadhi. Miaka miwili baadaye, risasi zilipopungua, alimletea Nulu gari hilo nyumbani kwake Walukuba, Jinja.

"Mama, hii gari iko mbaya," alimwambia. "Kwenye kona nyuma yake inakimbia. Mzee hakukosea."

Fundi Joash, aliyelitengeneza miaka yote, akaja juu. "Afande, wewe umezoea malori! Hili linashika barabara kama kupe. Halimtupi dereva anayejua kazi."

Nulu akachanganyikiwa. Kwa maneno ya Ojok, gari lilimuua mumewe. Kwa maneno ya Joash, mumewe alijiua kwa mwendo wa kichaa, watoto wakimngoja. Asubuhi alimwamini huyu, adhuhuri yule.

"Twendeni Mbale," akasema mwishowe. "Kila mtu aendeshe, nione."

Alijikunja kwenye kibenchi cha nyuma. Joash aliendesha hadi Tororo. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye kona moja nyuma ya gari iliteleza hadi fundi akaukumbatia usukani. Ojok akapokea usukani. Alipofika kona ya Mutwalibu alikanyaga mafuta makusudi, aonyeshe ubaya wa gari. Gari likapinda kwa utulivu, kama linavutwa kwa kamba. Akasimama kando.

"Haya, semeni," Nulu aliwaambia.

"Kusema kweli limenitisha," Joash alisema.

"Na mimi naona iko nzuri," Ojok alinong'ona. "Sijui, mama."

"Mnanichezea akili?"

Akawashusha, akashika usukani mwenyewe. Pikapu ya duka lao alizoea kuiendesha, lakini hili Mutwalibu hakuwahi kumpa aendeshe. Alipita kona ile mara tatu. Kila mara alisikia nyuma ikilegea chini yake, kisha ikashika. Hakujua kama ni gari lililomwokoa au ni mikono yake.

Alisimama waliposimama wanaume, akazima injini. "Afande, alikuwa hai ulipomfikia?"

Ojok alivua kofia. "Ndiyo. Aliuliza kama watoto wamefika."

"Ukamjibuje?"

"Nilisema wamefika. Sikujua chochote, mama. Nilisema tu."

Nulu aliinamia usukani akalia kwa muda mrefu, na wanaume wale wakabaki wamesimama kwenye nyasi, wasijue pa kutazama.

"Walikuwa wamefika," alisema hatimaye. "Ingieni."

Akawapeleka Malukhu taratibu, akipitwa hata na baiskeli. Joash alipoanza kueleza habari za breki, Nulu alimwomba anyamaze.