Kizibao cha Kijani cha Soulé

…kijani basi, na utepe wa dhahabu kifuani, kwa nini asitie na dhahabu, jeshi lenyewe halipo popote chini ya jua ila kichwani mwake, hakuna jemadari atakayekuja kulalamika, na Ridjali akachovya brashi, akamshika yule mpanda farasi mdogo wa madini ya risasi kwa kwato, akaanza bega la kizibao, na upande wa pili wa mkeka Nouriat, mke wa kaka yake Soulé, anasaga liwa ya kupaka usoni kwenye jiwe lake la msio, anazungumza, anazungumza tangu asubuhi, "kesho tuna kazi kwa kina Zainaba, shemeji, kumtia hina bi harusi, nami siendi kwa watu na uso mkavu", sawa, sawa, anaitikia, na moyoni anamwambia huendi popote wewe, wewe umo edani na hujui, leo mwezi mzima umo edani, na liwa hiyo si halali kwako, na mwenye kosa ni mimi… telegramu ilimfikia Moroni, ofisini, kwa kuwa Soulé barua zake zote alizipitishia kwake, karani, msomi wa ukoo, mistari miwili tu, amepigwa teke na farasi huko kambini Bukini, ng'ambo ya bahari, amekufa siku hiyo hiyo, amezikwa, basi, na Ridjali akaikunja akaitia mfukoni, akamalizia kupiga chapa barua ya bosi, mtu gani huyo anayemalizia kupiga chapa barua… akangoja likizo, akapanda ndege hadi uwanja wa Ouani, akaingia Mutsamudu, njia nzima akipanga maneno, na Nouriat akampokea kwa chai, "umeniletea barua?", na ulimi wake, Mungu amsamehe, ukasema nimekuletea, ukatunga nyingine papo hapo. Kutunga alikwisha kuzoea. Soulé alikuwa mtunza farasi wa maofisa, anazoa mavi na kuosha kwato, ndivyo alivyomwandikisha rafiki yake wa kambini kwa Kifaransa, bila haya yoyote, lakini siku ya kwanza ya kumsomea mkewe Ridjali aliona wanawake wa mtaa wamejaa ukumbini, akaona haya kwa niaba ya kaka yake, akampandisha farasi, akamvika joho la zambarau, barua ya pili akamwongezea kofia ya manyoya, na bosi Mfaransa alipohamishwa akamwachia sanduku la askari hawa wasio na rangi, ikawa kila akija Mutsamudu anakaa mkekani hapa anapaka yale aliyoyasema, uongo ukapata miguu minne… "mwekundu huyu sikumpenda," Nouriat anasema, "Soulé na wekundu wapi na wapi", na anacheka, na Ridjali anacheka naye, ee Mola, anacheka. Huruma hii, alijiambia usiku wa kwanza, mwache afurahi siku mbili zaidi, lakini huruma gani, eda haimngoji mtu ajue, huanza siku ya kifo, fundi yeyote wa Kurani mjini atakwambia, miezi minne na siku kumi, na mmoja umekwisha, mwezi ambao Nouriat angekaa ndani, akalia, watu wakamsomea Soulé khitima, ameukalia amejitanda shiromani yake nyekundu akiulizia rangi za kizibao, na hataupata tena, kifo kaleta Mungu, lakini mwezi huu kauiba yeye, Ridjali, kwa mkono huu huu… na brashi imesimama begani mwa yule askari, rangi bado mbichi.

"Mbona kimya, shemeji?"

"Soulé hakuwahi kupanda farasi," alisema, akashangaa kuisikia sauti yake ilivyo ya kawaida.

"Najua." Nouriat hakuinua hata uso. "Saoudat wa nyumba ya pili kasoma shule ya Wafaransa, ukishaondoka hunisomea barua zote unazoniachia. Mavi na kwato. Nilikuacha useme kwa sababu ulikuwa unamsema kwa mapenzi." Msio ukanyamaza. "Ila ya safari hii hukuniachia karatasi."

Hukuniachia karatasi… kumbe siku tatu hizi anazungumza asubuhi hadi jioni ili asipate nafasi ya kuuliza, anaogopa kama yeye, wamekaa waoga wawili na jeshi zima katikati yao, na maneno yote aliyoyapanga kwenye ndege, sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, yatangoja, kuna neno moja analolihitaji mwanamke huyu kabla ya pole, ili ajue eda yake aihesabu kuanzia wapi.

"Jumanne," alisema. "Tarehe sita Rajabu."