Kompyuta ya Marehemu Godlisten

"Hakuna skrini iliyotengenezwa na binadamu itakayonishinda mimi," Dunstan alimwambia Mutai, mwenye duka la ufundi pale mjini Laurel, ughaibuni. Ilikuwa siku yake ya tatu ya majaribio, na midomo ilishaajiriwa kabla ya mikono.

Mutai akamsukumia kompyuta ya kubebeka ya mwaka themanini na tisa, nzito kama tofali. "Haya, bingwa. Ni ya Mama Edna wa Upper Marlboro. Marehemu mumewe aliandika tasnifu yake humo. Anakuja saa nane. Ukiiharibu, Jumatatu usijisumbue kuja."

Akatoka kwenda kula.

Dunstan akafunua kifuniko. Lahaula! Harufu ya siki ikampiga puani, siki ya achari iliyosahauliwa tangu harusi ya mwaka juzi. Eti hizi ndizo skrini bapa za mwanzo walizoringia wazee: rangi ya maji ya kuoshea vyombo, herufi zinatambaa kama konokono, na ukikaa upande huoni kitu. Sasa utando wa plastiki juu ya kioo ulikuwa umeoza, umetumbuka malengelenge, gundi ya kahawia inachuruzika kama usaha. Alipoiwasha, jina "Godlisten" lilionekana kwa shida kati ya malengelenge hayo.

Akaung'oa utando kwa kucha. Ukatoka vipande vipande kama ngozi ya kidonda. Gundi ikamganda vidoleni. Akajisahau, akajifuta mdomo. Akatema mara tatu, machozi yakimtoka.

Kioo kikatakata. Lakini jina halikuwepo. Nyeupe tupu! Akazima, akawasha. Nyeupe vilevile. Mbio mbio akaufukia ule uchafu chini kabisa ya pipa la taka.

Mutai akaingia na Mama Edna, aliyetoka garini na miwani yake myeusi ya juani bado usoni.

"Shikamoo, mama. Pole sana," Dunstan alisema kwa sauti ya msibani. "Imefika ikiwa imeshakufa. Haina hata herufi. Mimi hata sijaigusa."

"Marahaba, mwanangu." Mama Edna akainama, akapinda shingo. "Imekufaje, na jina la mume wangu nalisoma hapa?"

"Wapi, mama? Mbona nyeupe?" Mutai akauliza.

Mama akavua miwani. "Ee, limepotea!" Akaivaa. "Limerudi."

Mutai akaiomba, akaivaa, akatazama. "Kumbe skrini ni nzima. Miwani inachuja mwanga badala ya ule utando wa juu." Akamgeukia Dunstan. "Ambao hujaugusa. Sasa uko wapi?"