Nyumba ya Kumi na Mbili

Nalala nikiwa nimeketi, mchana kweupe, shavu juu ya ratiba ya jumuiya na kalamu bado mkononi. Kesho ni sikukuu ya mavuno, na mimi Ndeshi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, ndiye nitakayefundisha somo la kuacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kwanza kupatana na ndugu yako. Somo nalijua kwa moyo, nimelipigia mstari mwekundu hata karatasi imetoboka. Napanga pia zamu za nyumba, maana kila Jumatano tunasali nyumbani kwa mtu mmoja, na kama nilivyozoea kwa miaka minne naruka nyumba ya dada yangu Eliatosha, naandika inayofuata, kisha herufi zinaanza kutembea nami nazifuata.

Mstari mwekundu ni barabara. Naukanyaga bila viatu, mkungu wa ndizi kichwani, Biblia kwapani, na mbele naiona madhabahu, ila kila nikiikaribia barabara inakata kona na kunirudisha pale pale, na mkungu unazidi uzito. Kando yangu anatembea mama mmoja aliyevaa sare ya umoja wa wanawake, kilemba kimekaa vizuri, lakini uso hana, pako laini tu kama sahani iliyooshwa. Sishtuki. Shikamoo mama, namwambia, njia ya madhabahuni ni ipi? Marahaba, anasema, ni ile inayoanzia usikotaka kwenda. Namwambia mimi ni mwalimu wa Neno, naomba nijibiwe kwa lugha ya kueleweka. Anacheka mpaka tumbo linatikisika. Haya mwalimu, nyumba zako ni ngapi? Kumi na moja. Hesabu tena, mwanangu.

Basi nahesabu, na kadiri ninavyohesabu mji unajitokeza, nyumba zinatazamana kana kwamba kila moja ni kioo cha mwenzake, na zote zimejiandaa kutupokea: benchi limetandikwa kitambaa cha kufuma, chupa ya chai imejaa, vikombe vimefunikwa. Mlango wa kwanza nausomea mstari wangu. Kimya. Wa pili nausomea kwa ile sauti yangu ya kanisani, ile inayowafanya akina mama waitikie amina kabla sijamaliza. Kimya. Nasoma mpaka mlango wa kumi na moja, na katika kila dirisha najiona mwenyewe nikisoma, midomo inakwenda, sauti haitoki. Kwa nini hawafungui? Wanasubiri ubishe hodi, anasema mama asiye na uso. Lakini nimewasomea! Umewasomea, ndiyo, anasema, na tunaendelea kutembea.

Ya kumi na mbili naijua kwa harufu ya maziwa yaliyoungua, maana dada akiimba husahau jiko. Anaimba ndani. Tangu tukiwa wadogo mimi nashika sauti ya kwanza, yeye ya pili, na miaka minne hii nimeimba peke yangu kila Jumapili nikijifanya sisikii pengo. Nina hamu na dada yangu, nina hamu naye mpaka kifua kinauma. Nakumbuka msiba wa mama, nakumbuka nilivyomwambia mbele ya waombolezaji wote, hukuja kumwuguza, umekuja kula. Nilijua wazi kwamba mumewe ndiye aliyemzuia, nikasema hata hivyo. Akaweka sahani chini, akaondoka. Nataka kubisha hodi lakini mikono yote miwili imeushikilia mkungu. Shusha huo mkungu, anasema yule mama. Nitashushaje sadaka ya Mungu vumbini? Kwani somo lako la kesho linasemaje? Naushusha, naweka na Biblia juu yake, na nikigeuka yule mama hayupo. Nabisha. Wimbo unakatika. Nani? Nafungua mdomo, mistari yote imenitoka. Mimi, nasema. Mimi nani?

Naamka. Chai imepoa, shavu lina wino. Kwenye ratiba, Jumatano ijayo, pameandikwa Eliatosha kwa mwandiko wangu, na sikumbuki kuandika. Mkungu wa ndizi uko pale ukumbini nilipouweka asubuhi. Nauacha, natoka kama nilivyo. Kumbe ni nyumba tano tu kutoka kwangu. Miguuni nina vumbi jekundu, la safari ile au la hii, sijui, na harufu ya maziwa yaliyoungua inanipokea kabla sijafika mlangoni. Hodi, nasema, nikigonga kwa mkono mtupu. Wimbo unakatika. Nani? Mimi, dada, mdogo wako, mimi niliyekukosea, nasema, na kama bado nimelala, Mungu wangu, usiniamshe kabla hajafungua.